MATUMIZI YA JAMU KATIKA MIKATE, KEKI NA VITAFUNIO

Jamu ni matunda yaliyopikwa pamoja na sukari hata yakawa mazito, yakaweza kupakwa kwa kisu juu ya mkate. Katika miji ya Kenya, na hata katika maduka madogo ya mashambani, chupa zake huonekana karibu na majani ya chai na majarini, na watu wengi huijua kwa kazi moja tu, yaani kupakwa juu ya kipande cha mkate asubuhi. Kazi hiyo ni njema, walakini siyo yote. Jamu huwekwa kati ya keki, hutiwa katika biskuti, hupakwa juu ya skonzi ili zing'ae, tena huchanganywa na uji na maziwa ya mgando. Na mpishi aijuaye tabia yake hupata kwa vijiko vitatu kile ambacho mwingine hakipati kwa chupa nzima.

Tabia hiyo ndiyo yapasa kuangaliwa kwanza. Wengi waliojaribu kuoka kwa jamu wamekutana na mambo yale yale: jamu imechemka ikafurika, bati limeungua, jiko limejaa moshi, na mkate uliotazamiwa kuwa mtamu umelowa kama kitambaa cha kufutia meza. Hasara hiyo si ndogo, kwa kuwa unga, siagi, mayai na makaa vyote hununuliwa kwa fedha. Iko na hasara nyingine isiyoonekana upesi, nayo huwapata watoto ambao mkate na jamu umegeuzwa kuwa chakula chao chote. Hasara zote mbili zina asili moja, nayo ni sukari iliyomo ndani ya jamu.

Sukari ndiyo mlinzi

Matunda mabivu hayangoji. Maembe ya Makueni na ya Pwani huiva kwa pamoja, aghalabu kati ya Desemba na Machi. Mapera huanguka chini ya miti mpaka watoto wakachoka kuyaokota. Plamu za Limuru na Kinangop hujaa masokoni kwa majuma machache, kisha zikatoweka. Tunda lina maji mengi, na ndani ya maji hayo vijidudu viozeshavyo hustawi upesi. Sukari ikitiwa kwa wingi huyashika maji yale, vijidudu vikakosa ya kunywa, navyo haviwezi kuzaana. Hiyo ndiyo siri yote ya jamu kukaa miezi mingi bila kuoza. Kanuni ya kimataifa ya vyakula iliyotolewa mwaka 2009 yataka kwamba katika kila sehemu 100 za jamu, sehemu 60 hadi 65, au zaidi, ziwe vitu vilivyoyeyuka, na vingi vya hivyo ni sukari. Si yote imetoka mfukoni mwa mpishi, kwa maana tunda lenyewe lilikuwa na sukari yake.

Walakini sukari peke yake haigandishi kitu. Ndani ya matunda mna kitu kiitwacho pektini, ambacho kikipikwa pamoja na sukari na ukali wa tunda hufanya wavu mwembamba sana unaoyazuia maji yasitembee. Mapera yana pektini nyingi; vivyo hivyo matofaa, plamu, na maganda na kokwa za machungwa na malimau. Mananasi, stroberi na mapichi yana pektini kidogo, na ndiyo sababu jamu ya nanasi iliyopikwa nyumbani hubaki majimaji isipotiwa maji ya limau, au isipochanganywa na tunda jingine lenye nguvu. Jambo hili halimhusu mpika jamu peke yake, bali mwokaji pia, kwa sababu jamu nyepesi ndiyo ifurikayo ndani ya tanuri.

Hapo panafaa kutajwa jambo moja ambalo vitabu vya mapishi vitokavyo Ulaya havilitaji sana, nalo limeharibu sufuria nyingi katika nyanda za juu. Vitabu hivyo husema kwamba jamu imeiva ikifika joto la nyuzi 104 au 105. Maneno hayo ni kweli Mombasa, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Lakini kadiri mtu anavyopanda juu, maji huchemka kwa joto pungufu, karibu nyuzi moja kwa kila mita 300. Nairobi, iliyo juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, maji huchemka kwa nyuzi 94 na kitu, na huko Eldoret chini ya hapo tena. Basi jamu ya Nairobi imeiva kwa nyuzi 98 au 99. Mpishi akingojea mpaka kipimo kisome 104, atakuwa amekwisha kuchemsha maji yote ya haki, na kitakachobaki ni kitu kigumu cha kahawia kinachovutika kama peremende na kuvunja kijiko. Njia isiyodanganya mahali popote ni kuyapima kwanza maji matupu yanapochemka, kisha kuongeza nyuzi nne na nusu. Na asiye na kipimo atie tone la jamu juu ya kisahani kilicho baridi, angoje kidogo, alisukume kwa kidole: likikunjamana juu kama ngozi, jamu imeiva.

Juu ya mkate

Kupaka mkate huonekana kuwa kazi isiyohitaji mafundisho, na pengine ndivyo, ikiwa mkate utaliwa hapo hapo. Lakini mkate wa mtoto aendaye shule hupakwa alfajiri na kuliwa saa nne. Katika saa hizo jamu huteremka ndani ya vitundu vya mkate, mkate ukalowa na kushikamana na karatasi. Dawa yake ni mafuta. Vipande vyote viwili vipakwe siagi au majarini kwanza, ukingo hata ukingo, kisha jamu iwekwe katikati. Maji hayapiti katika mafuta, na hivyo jamu hukaa mahali ilipowekwa. Siagi ya karanga hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, tena hutia mkate nguvu ambayo jamu haina. Watu wa Marekani wamewalea watoto wao kwa mchanganyiko huo kwa miaka mingi, nao hawajachoka nao.

Huko kusini magharibi ya Uingereza kuna mashindano ya zamani juu ya skonzi. Watu wa Devon hupaka malai mazito kwanza, kisha wakaweka jamu juu. Watu wa Cornwall, ambao ni jirani zao, hutanguliza jamu na kumalizia kwa malai, na kila upande hushangaa kwamba upande wa pili waweza kula vile. Kwa habari ya ulowevu Devon wana haki. Kwa habari ya ladha, na waendelee kushindana.

Chapati ya moto na jamu havipatani sana mwanzoni, kwa kuwa joto huifanya jamu kuwa nyepesi ikamwagika kwa nyuma mlaji anapouma upande wa mbele, na nguo ya shule ikapata alama isiyotoka upesi. Chapati iachwe ipoe mpaka iwe vuguvugu, jamu ipakwe nyembamba kwa kuacha upana wa vidole viwili kando, upande mmoja wa chini ukunjwe ndani kwanza, ndipo izungushwe. Chapati ya jana, ambayo imeanza kukauka, hufaa kuliko ya leo.

Maandazi hukatwa ubavuni kwa kisu chembamba, na jamu hutiwa ndani kwa kijiko kidogo. Mahamri ya Pwani hufaa zaidi, maana yakiumuka vizuri ndani yake huwa wazi kama mfuko, kana kwamba yaliumbwa kwa kazi hiyo. Hata hivyo ni haki kusema kwamba wenyeji wa Pwani wana mbaazi za nazi za kulia mahamri, na haidhaniwi kwamba chupa yoyote ya jamu itaziondoa mbaazi hizo mezani. Wala haipasi. Jambo moja tu lakumbukwa kwa maandazi na donati: jamu hutiwa baada ya kukaanga. Ikitiwa kabla, tundu dogo likipatikana katika unga, jamu hutoka katikati ya mafuta ya moto, nayo hurusha matone yanayounguza mikono na uso.

Katika uji, kijiko kimoja cha jamu huingia mahali pa sukari, wala si pamoja nayo. Katika maziwa ya mgando ya nyumbani, yasiyotiwa sukari, kijiko kidogo cha jamu ya plamu au ya forsadi hutengeneza kinywaji ambacho madukani huuzwa kwa bei kubwa chini ya jina la yogati ya matunda.

Ndani ya tanuri

Jamu ikiingia motoni hurudi kuwa kama ilivyokuwa sufuriani, yaani huyeyuka, huchemka na kupanda. Maji yake hugeuka mvuke, na mvuke hutafuta njia ya kutoka. Sukari ikimwagika juu ya bati lenye joto hugeuka kahawia, kisha nyeusi na chungu, ikashika bati kama gundi. Mambo yote ya kuoka kwa jamu ni kuyatazamia hayo mapema.

Mfano ulio mwepesi ni visahani vidogo vya unga wa siagi vijazwavyo jamu, ambavyo katika nyumba za Waingereza watoto hufundishwa kuvitengeneza kabla ya kitu kingine chochote. Unga wa ngano gramu 200 husuguliwa kwa vidole pamoja na siagi baridi gramu 100 na chumvi kidogo sana, mpaka ufanane na makombo ya mkate. Maji baridi hutiwa kijiko kwa kijiko, vitatu hivi, kiasi cha kuushikanisha unga tu. Ukikandwa kama wa chapati utakuwa mgumu. Donge hupumzishwa nusu saa mahali penye baridi, husukumwa liwe jembamba, hukatwa kwa mdomo wa bilauri, na kila duara hulazwa ndani ya kikombe cha bati la keki ndogo. Kisha hutiwa jamu, kijiko kidogo kimoja katika kila kimoja, isipite nusu ya kina. Mpishi mgeni huona kiasi hicho ni uchoyo, akajaza mpaka juu, na robo saa baadaye jamu yote iko chini ya bati. Tanuri liwe la nyuzi 200, na dakika 12 hadi 15 zatosha. Anayetaka jamu nyingi zaidi na aiongeze baada ya kutoa, wakati unga ungali moto. Na watoto wazuiwe wasiviguse mpaka vipoe kabisa: jamu hushika joto muda mrefu kuliko unga uliomo, tena hunata katika ngozi, na kidonda chake ni kibaya kuliko cha maji ya moto.

Jamu ikiwa nyepesi, iko njia ya kuiokoa. Makombo makavu ya mkate, au semolina, hunyunyizwa kidogo chini yake kabla ya kuitia, nayo huyanywa maji. Au jamu yenyewe hurudishwa jikoni kwa dakika chache mpaka izidi kuwa nzito, kisha huachwa ipoe. Waokaji wa viwanda wana jamu yao iliyotengenezwa kwa pektini ya namna nyingine isiyoyeyuka upesi kwa moto, na ndiyo sababu jamu iliyomo katika biskuti za dukani hukaa katikati imetulia.

Kwa biskuti za nyumbani, unga gramu 200, siagi gramu 100, sukari gramu 70 na kiini cha yai moja hukandwa pamoja, hufanywa vidonge kama vya ukubwa wa ndimu ndogo, na kila kidonge hubonyezwa kwa kidole gumba. Shimo hilo ndilo bakuli la jamu. Nusu kijiko kidogo, tanuri la nyuzi 180, dakika 12 hadi 15. Zilizofunikwa, mathalani zile zikunjwazo kama sambusa au nusu mwezi, zina sharti mbili: ukingo ulowanishwe kwa maji na kubanwa kwa uma, na juu pachanjwe kwa ncha ya kisu ili mvuke utoke. Pasipochanjwa, mvuke utajitengenezea mlango wake mwenyewe.

Asiye na tanuri asidhani kwamba habari hizi hazimhusu. Wanawake wengi wa Kenya huoka keki katika sufuria kubwa yenye mchanga mkavu wa kina cha vidole viwili, iliyotiwa juu ya jiko la makaa, bati la keki likawekwa juu ya mchanga, na makaa mengine yakapangwa juu ya kifuniko. Joto la namna hiyo haliwezi kupimwa kwa nyuzi. Kwa hiyo vitu vyenye jamu ndani yake vina hatari ya kuungua chini kabla ya kuiva juu. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Au, ambalo ni bora zaidi, ioke keki tupu, na jamu itiwe baadaye.

Kati ya keki

Kutia jamu baadaye ndiko kulikoleta keki ijulikanayo kwa jina la Malkia Victoria. Keki hiyo haikuwezekana kabla ya baking poda, ambayo Alfred Bird aliitengeneza huko Birmingham mwaka 1843. Kipimo chake ni rahisi kukumbuka: mayai hupimwa pamoja na maganda yake, na uzito huo huo ndio wa unga, wa sukari na wa siagi, kila kimoja mbali. Huokwa katika mabati mawili. Zikiisha kupoa, moja hupakwa jamu, na ya pili huwekwa juu yake. Keki iliyo moto isipakwe, kwa kuwa jamu itazama ndani na kuacha katikati pakavu. Waingereza hutumia jamu ya stroberi au rasiberi. Plamu ya Kinangop ina ukali ambao huzuia keki isichoshe, na hata jamu ya mapera hufaa, mradi imechujwa kokwa zake.

Keki ya kukunja hugeuza kanuni hiyo juu chini. Mayai 3 na sukari gramu 85 hupigwa mpaka yawe mazito na meupe, unga gramu 85 huchanganywa kwa wepesi, na yote humiminwa katika bati pana lisilo na kina, lililotandikwa karatasi, na kuokwa nyuzi 200 kwa dakika 10 hivi. Keki hupinduliwa mara moja juu ya karatasi iliyonyunyizwa sukari, kando zake ngumu hukatwa, na jamu iliyopashwa moto kidogo hupakwa na kuzungushwa pamoja na keki ingali moto. Ikipoa kabla ya kukunjwa hupasuka. Hapa mkono wenye hofu hushindwa, na mkono mwepesi hufaulu.

Huko Linz katika Austria wana keki yao ya njugu, jamu na vipande vya unga vilivyopishana juu kama wavu, na maelezo yake yaliyo ya zamani kuliko yote yajulikanayo ni ya mwaka 1653. Huko Vienna, katika nchi hiyo hiyo, Franz Sacher alitengeneza mwaka 1832 keki ya chokoleti iliyokuwa na jamu ya aprikoti. Jamu hiyo ina kazi mbili, maana hutia ukali kidogo katika utamu mwingi, tena huyashika makombo ya keki yasije yakachanganyika na chokoleti ya juu. Kazi hiyo ya pili yafaa kuigwa na kila mwenye kupamba keki ya harusi au ya sikukuu. Vijiko vitatu vya jamu nyepesi ya rangi hupashwa moto pamoja na kijiko cha maji, huchujwa, na kupakwa kwa brashi juu ya keki yote. Ikikauka, sukari ya pambo hulala juu yake laini. Jamu iliyotengenezwa hivyo hupakwa pia juu ya mikate mitamu na skonzi mara tu zitokapo motoni, zikang'aa kama zimetoka katika duka la mjini.

Jamu ikichanganywa ndani ya unga wa keki, sukari ya keki haina budi kupunguzwa. Kijiko kikubwa cha jamu kina sukari gramu 12 hivi, ambayo ni karibu sawasawa na kijiko kikubwa cha sukari yenyewe kilichosawazishwa. Watu wengi hawaliamini neno hili mpaka waonyeshwe kwa mizani. Basi kwa kila kijiko cha jamu kitokacho katika chupa, kijiko cha sukari na kibaki katika kopo. Na keki itazamwe mapema, maana itabadilika rangi upesi kuliko desturi.

Jamu si chakula kizima

Hesabu hiyo ya vijiko ina maana nyumbani kama ilivyo na maana jikoni. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kwamba sukari itiwayo katika vyakula isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu ambayo mtu hupata kwa chakula cha siku, na kwamba ni bora zaidi isizidi nusu ya kiasi hicho, yaani karibu gramu 25 kwa mtu mzima. Vijiko vikubwa viwili vya jamu vimekwisha kufika huko, na chai haijatiwa sukari bado. Mtoto kipimo chake ni kidogo zaidi, na meno yake ndiyo yaanzayo kulipa. Wala haifai kujifariji kwamba jamu ni matunda. Ilikuwa matunda, lakini vitamini C nyingi imepotea kwa moto, na embe moja bichi au pera moja hushinda chupa nzima katika jambo hilo.

Waingereza walilijua jambo hili kwa njia ngumu. Kodi ya sukari ilipoondolewa nchini mwao mwaka 1874, sukari ikawa rahisi, viwanda vya jamu vikaongezeka, na mkate na jamu pamoja na chai ukawa chakula cha kila siku katika nyumba za maskini mijini. Ulikuwa rahisi, haukuhitaji moto, na watoto waliupenda. Kisha vikaja vita vya Afrika ya Kusini vya 1899 hadi 1902, na ikaonekana kwamba vijana wengi waliotaka kuwa askari hawakufaa kwa udhaifu wa miili. Kamati iliyochunguza habari hizo ilitoa taarifa yake mwaka 1904, na mwaka 1906 ikapitishwa sheria ya kuziruhusu serikali za mitaa kuwapa watoto chakula shuleni. Jamu haikuwa mkosaji peke yake. Umaskini, nyumba mbaya na kazi za viwandani zilikuwa na sehemu kubwa zaidi. Lakini mkate na jamu ulikuwa umechukua mahali pa maziwa, mayai na nyama, na hapo ndipo ulipodhuru.

Nchi hiyo hiyo ilikuja kuiona jamu kwa upande wa pili. Mwaka 1940, katika Vita Kuu ya Pili, sukari ilipokuwa ikigawanywa kwa vipimo, serikali iliwatengea wanawake wa vijijini sukari ya kupikia jamu ili matunda ya mashambani yasioze, nao wakapika katika majiko ya vijiji na ya nyumbani. Mwaka uliofuata jamu yenyewe ikatiwa katika vyakula vya kugawanywa kwa vipimo. Mtu aliyepata chupa moja hakuijaza katika kipande kimoja cha mkate.

Katika nyumba ya Kenya, basi, mkate wenye jamu una mahali pake kando ya yai, maharagwe, maziwa au karanga. Mkate na jamu na chai ya rangi havimtoshi mtoto aendaye shule ya mbali.

Kununua na kuweka

Kibandiko cha chupa kisomwe. Vitu vilivyotiwa huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikatangulia. Palipoandikwa sukari, maji, kisha rangi na ladha, na tunda likaja nyuma ya msafara, hiyo ni sukari iliyovikwa nguo nyekundu. Kwa mkate wa kila siku itapita. Katika tanuri haitaleta ladha ya tunda lolote.

Chupa iliyofunguliwa hukaa mahali pa baridi, na mahali penye friji, ndani ya friji. Kijiko kiwe kikavu na safi. Kijiko kilicholambwa, au kisu chenye makombo na majarini, huingiza maji na kuvu, na katika sehemu ile ndogo iliyopata maji sukari haina nguvu tena ya kulinda. Jamu iliyoota kuvu haiokolewi kwa kuondoa ya juu, kwa kuwa nyuzi zake hushuka chini pasipoonekana, itupwe. Jamu iliyoanza kutoa povu na harufu ya pombe imechachuka, nayo vivyo hivyo.

Jamu iliyoganda chembe za sukari haijaharibika. Chupa isimamishwe katika maji ya moto mpaka chembe ziyeyuke, kisha itumiwe upesi. Na masalio yale yanayoshika kando ya chupa, ambayo kisu hakiyafikii, hutiwa vijiko viwili vya maji ya moto, kifuniko kikafungwa na chupa ikatikiswa. Maji hayo matamu hukandia unga wa maandazi mahali pa sehemu ya maji na sukari, au hupakwa juu ya skonzi zikiwa zingali moto.